Hospitalini anatembea, nyumbani amekaa: faida ya mazoezi huishia wapi?

Mtu aliyepatwa na kiharusi huku kusini mwa Tanzania, akibahatika kuanza mazoezi ya viungo mapema, kwa kawaida hupiga hatua. Wiki za kwanza anakalishwa kitandani, baadaye anasimama kwa kushika reli, kisha anavuka chumba cha mazoezi mtaalamu akiwa pembeni. Kadi yake inaandikwa kwamba anaendelea vizuri. Anaruhusiwa, anarudi kwao Mikindani au Nanyamba, na ukienda kumjulia hali baada ya miezi mitatu unamkuta barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelala mapajani, maji analetewa, chakula analetewa, hata kanga anafungiwa. Ndugu wanasema mazoezi hayakusaidia kitu. Mtaalamu anasema yamesaidia, na vipimo anavyo.

Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu hawazungumzii kitu kimoja. Mtaalamu amepima kile mgonjwa anachoweza kufanya akiambiwa afanye. Ndugu wanaangalia kile anachofanya pasipo kuambiwa na mtu. Shirika la Afya Duniani liliutambua mgawanyo huu mwaka 2001, lilipopitisha mfumo wake wa kuainisha utendaji wa mwili, ulemavu na afya: uwezo upande mmoja, utendaji wa kila siku upande wa pili, kila kimoja na alama yake. Lakini kwenye vyumba vya mazoezi, kwetu na kwa wenzetu, iliendelea kuchukuliwa kwamba cha kwanza kikipanda kitakivuta cha pili. Mkono ukipata nguvu, utatumika. Mguu ukinyooka, utatembea. Imani hiyo haikuwa ya kijinga, ila ilipokuja kupimwa ilionekana ina matundu.

Kifaa kinachovaliwa kama saa

Zamani njia pekee ya kujua mgonjwa anafanya nini akiwa kwake ilikuwa kumuuliza, na mgonjwa anayemheshimu mtaalamu wake humpa jibu la kumfurahisha. Mambo yalibadilika vilipopatikana vifaa vidogo vya kunasa mwendo, vinavyovaliwa kwenye vifundo vya mikono yote miwili kama saa. Vinarekodi mchana na usiku kila mkono umetikisika kiasi gani, na havina haya. Navyo vilifichua jambo ambalo wengi hatulitarajii: kwa mtu asiye na ugonjwa, hata awe wa mkono wa kulia kabisa, mikono miwili hufanya kazi kwa muda unaokaribiana sana. Mmoja ukikata, mwingine umeshika. Baada ya kiharusi uwiano huo unavunjika, na mkono mmoja unabaki unafanya karibu kila kitu.

Catherine Lang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, kile cha St. Louis nchini Marekani, waliufuatilia uwiano huo kwa watu 78 waliokwisha kukaa na kiharusi kwa miezi sita au zaidi. Waliwagawa makundi manne. Mmoja mmoja alirudiarudia vitendo vya kawaida vya mkono, kuchukua kitu, kukisogeza, kukiachia. Kundi la kwanza walifanya marudio 3,200 kwa jumla, la pili 6,400, la tatu 9,600, na la nne waliendelea mpaka ikaonekana hawaongezeki tena. Vipimo vya maabara vikaonyesha mikono imeimarika, ingawa si kwa kiasi kikubwa mno. Vifaa vya mkononi vikaonyesha kwamba nyumbani hakuna kilichobadilika. Hata kwa lile kundi la marudio 9,600. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2017 na yaliwakera wengi, maana jibu la kawaida la fani hii mgonjwa asipopata nafuu ni kusema aongeze mazoezi.

Kundi hilo hilo la watafiti baadaye liliwafuatilia wagonjwa wa nje wa kliniki za kawaida, wenye kiharusi na wenye Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa mwili, wakapima mikono na miguu. Muundo uliojitokeza zaidi ulikuwa huohuo: uwezo umepanda, matumizi yamebaki palepale.

Na si kiharusi peke yake. Watafiti wa Australia waliwahi kuwapima watu waliobadilishiwa goti au nyonga. Maumivu yalipungua, wenyewe walisema wanajisikia vizuri zaidi, lakini baada ya miezi sita kiasi chao cha kutembea na kukaa kwa siku kilikuwa kama kabla ya upasuaji. Wenye magonjwa sugu ya mapafu nao hutoka kwenye mazoezi wakiwa na pumzi ya kwenda mbali zaidi, kisha wengi wao hawaendi.

Kwa nini mkono unaoweza hautumiki

Maelezo ya zamani zaidi yalitoka kwa Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, na yalianzia kwa nyani. Taub alikata mishipa ya fahamu inayoleta hisia kutoka kwenye mkono mmoja wa nyani, akaiacha ile inayoamuru misuli. Kwa nadharia mkono ulikuwa bado unaweza kusogea. Nyani hakuusogeza. Lakini alipofungwa ule mkono mzima, aliuamsha ule mwingine na kuutumia. (Maabara yake ilivamiwa na polisi mwaka 1981 kwa tuhuma za kutesa wanyama, na kesi hiyo ilichangia kubadilisha sheria za wanyama wa maabara kule Marekani. Hiyo ni habari ya siku nyingine.)

Taub alieleza hivi. Siku za mwanzo mkono kweli haufanyi kazi. Kila ukiujaribu, kikombe kinaanguka, chakula kinamwagika, mtu anaona aibu. Wakati huohuo mkono mzima unafaulu kila mara. Mwili unajifunza haraka: tumia ule, achana na huu. Wiki zinapita, ubongo unapona kidogo, mkono unaanza kuweza, lakini somo limeshakaa. Hakuna anayeamka asubuhi akasema leo nitaujaribu tena. Kutotumia kumegeuka mazoea, na mazoea hayaondoki kwa kuongeza nguvu za misuli.

Shangazi yangu mmoja aliugua upande wa kulia, na nililiona jambo hili kwenye chai. Kwenye mazoezi alikuwa anaweza kuinua bilauri kutoka meza ya chini hadi rafu ya juu kwa mkono wa kulia, taratibu, bila kumwaga. Nyumbani chai ya rangi ikiwekwa kwenye stuli upande wake wa kulia kabisa, mkono wa kushoto ulikuwa unavuka mbele ya tumbo, unazungusha kikombe ili mshikio uelekee kwake, unakiinua. Ule wa kulia haukutikisika hata kidole. Nilipomkumbusha, aliutoa, akakishika kikombe, akanywa, akakirudisha. Funda la pili likaja na mkono wa kushoto. Hakuwa mvivu. Mkono wa kulia ulihitaji sekunde sita na akili yake yote, wa kushoto ulihitaji sekunde mbili na haukuomba chochote. Mtu yeyote angefanya alichofanya.

Hapo ndipo penye kiini. Mkono haushindani na udhaifu wake wa jana, unashindana na mwenzake ulio mzima leo. Ukitoka kwenye uwezo wa asilimia 20 ukafika 40, hayo ni mafanikio makubwa hospitalini, na bado ukiwa jikoni unashindwa na mkono wenye uwezo wote. Wapo watafiti wanaosema kuna kizingiti: chini yake, mazoezi yakisimama matumizi yanafifia na uwezo unarudi nyuma taratibu. Juu yake, mkono unaanza kutumika wenyewe, na kutumika kwenyewe kunakuwa zoezi. Kama ni hivyo, mgonjwa aliyeachishwa mazoezi akiwa chini kidogo ya kizingiti amepoteza vingi kuliko inavyoonekana kwenye kadi.

Kwa kutembea kizingiti kinaonekana kwa macho. Jacquelin Perry na wenzake wa California, mwaka 1995, waligawa wagonjwa wa kiharusi kwa kasi. Anayekwenda chini ya mita 0.4 kwa sekunde, yaani anayetumia zaidi ya sekunde 25 kumaliza mita kumi, kwa kawaida huishia kutembea ndani ya nyumba. Kati ya 0.4 na 0.8 anatoka nje lakini kwa mipaka. Akipita 0.8, yaani mita kumi kwa chini ya sekunde 13, kwa kawaida anazunguka mtaani kama wengine. Mtu aliyetoka 0.2 akafika 0.35 ameongeza kasi kwa robo tatu. Ni kazi kubwa, na bado hajatoka uani.

Sakafu ya vigae na mchanga wa Mtwara

Halafu kuna suala la mahali. Kipimo kimoja kinachotumika sana duniani ni kile cha kumwambia mgonjwa asimame kutoka kwenye kiti, atembee mita tatu, ageuke, arudi akae, huku saa inahesabu. Kiti chake ni cha kimo cha sentimita 46 hivi na kina mikono ya kushikia. Sakafu ni tambarare.

Sasa mlete huyo aliyefaulu kwenye ua wa Shangani hapa Mtwara au wa Lindi mjini. Anakula kwenye mkeka. Akikuna nazi anakaa kwenye mbuzi, ambayo kimo chake hakifiki hata nusu ya kile kiti, haina pa kushika, na nazi inataka mikono miwili: yote inakamata kifuu, inakizungusha juu ya meno ya chuma huku ikisukuma chini. Choo ni cha kuchuchumaa. Kukaa kwenye kiti goti linakunjwa nyuzi 90 hivi, kuchuchumaa kabisa ni zaidi ya 120, na kifundo cha mguu kiwe kinakubali, na mtu aweze kuinuka kutoka huko chini bila kushika ukuta wenye maji. Swala ina rukuu na sijda. Haya yote hayamo kwenye kile kipimo cha mita tatu. Dini imeruhusu mgonjwa aswali ameketi, na wengi wanaswali hivyo, lakini choo hakina ruhusa ya namna hiyo.

Na mchanga. Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 wakakuta kutembea kwenye mchanga kunakula nguvu mara 2.1 hadi 2.7 zaidi ya kutembea kwenye sakafu ngumu kwa kasi ileile. Hao waliopimwa walikuwa watu wazima wa afya. Mtu wa kiharusi tayari anatumia nguvu nyingi kuliko kawaida hata kwenye vigae, kwa hiyo njia za Tandahimba na Newala zenye mchanga wa kuzamisha kifundo zinamaliza akiba yake kabla hajafika kwa jirani. Aliyekwenda mita mia mbili hospitalini bila kupumzika anaweza kufika hamsini tu kijijini, na hakuna aliyedanganya.

Kuna na jambo dogo ambalo naliona halisemwi. Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walichapisha uchunguzi mfupi kuhusu wazee waliokuwa wakiishi kwenye makazi ya kutunzwa. Walitembea nao huku wakiwaongelesha. Waliosimama kila walipotaka kujibu ndio walioanguka zaidi katika miezi sita iliyofuata, maana kutembea kwao kulikuwa kumechukua akili yote, haikubaki ya maongezi. Kwenye chumba cha mazoezi mtaalamu ananyamaza ili mgonjwa azingatie. Barabarani kwetu nani atanyamaza? Ukitoka nje ya mlango unadaiwa shikamoo na marahaba mpaka dukani, habari za mgonjwa, habari za nyumbani, bajaji inapiga honi nyuma, mbuzi anakatiza. Mgonjwa anayejua kutembea kimyakimya tu hajajua kutembea Mtwara.

Kaa tu, mama

Sababu ambayo haimo sana kwenye tafiti za Marekani, na ambayo kwa maoni yangu ni nzito kuliko mchanga, ni sisi ndugu.

"Mama, we kaa tu, nakuletea."

"Nataka niende mwenyewe."

"Utaanguka, mama yangu. Watu watasema tumekutelekeza."

Maneno hayo nimeyasikia kwenye nyumba nyingi, na hayana ubaya hata neno moja. Mzazi aliyeugua akionekana na ndoo mkononi, majirani wanauliza watoto wako wapi. Kumtunza ni kumpumzisha, na anayemwachia mama yake dakika kumi ahangaike na vifungo vya gauni anaonekana hana huruma. Basi kila kazi ndogo inaondolewa mikononi mwake siku ya kwanza anaporudi: kufungua komeo, kunawa, kukunja kanga, kuchambua mchele. Hizo kazi ndogo ndizo zilizokuwa mazoezi yenyewe.

Hesabu yake inatisha kidogo. Lang huyohuyo na wenzake waliwahi kuketi na kuhesabu kinachofanyika ndani ya vipindi 312 vya mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi. Kwenye vipindi vilivyokuwa na vitendo halisi vya mkono, wastani wa marudio ulikuwa 32 kwa kipindi. Thelathini na mbili. Majaribio ya wanyama yaliyoonyesha ubongo ukijipanga upya yalitumia mamia kwa siku. Na hapo ni Marekani na Canada, ambako mgonjwa anaweza kupata vipindi kadhaa kwa wiki. Mtu wa Kitangari anayepanda gari hadi Ligula, Ndanda au hospitali ya kanda pale Mitengo atakwenda mara ngapi kwa mwezi, nauli yake na ya anayemsindikiza? Chochote kitakachoubadilisha ubongo wake, sehemu kubwa lazima itokee nyumbani, na nyumbani tumemwambia akae.

Yaliyofanikiwa kuvuka

Habari njema ni kwamba kuna mbinu zilizofika mpaka jikoni. Taub alichukua alichojifunza kwa nyani akakipeleka kwa watu: mkono mzima unavalishwa glavu nene kwa sehemu kubwa ya siku, ule dhaifu unalazimika kufanya kazi. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006, la wagonjwa 222 waliokuwa na kiharusi cha kati ya miezi mitatu na tisa, liliwavalisha glavu kwa asilimia 90 ya muda wa kuwa macho, wiki mbili, pamoja na mazoezi ya saa nyingi. Mwaka mmoja baadaye bado walikuwa mbele ya wenzao, kwenye vipimo na kwenye matumizi ya nyumbani. Lazima niseme kwamba walichaguliwa walioweza angalau kuinua kidogo kifundo cha mkono na kufungua vidole. Mkono uliokaza kabisa haumo humo. Na glavu si ya kujivalisha nyumbani bila mtaalamu, maana mtu mwenye mguu dhaifu akijikwaa huku mkono wake mzima umefungwa hana pa kujishikia.

Kilichonivutia ni kilichogunduliwa baadaye, kwamba glavu si siri kubwa kama ilivyodhaniwa. Timu ya Taub pale Alabama ililinganisha wagonjwa waliopata mazoezi yaleyale, tofauti ikiwa kwamba baadhi yao waliongezewa mambo yasiyofanana na tiba hata kidogo. Walitia saini mkataba unaotaja kazi ambazo mkono mgonjwa utafanya nyumbani. Waliandika daftari. Kila siku waliulizwa juu ya orodha ya kazi za kawaida, kama kuwasha taa, kukausha mikono, kufungua mlango: jana uliifanya kwa mkono upi, na kama hukuifanya kwa huu mgonjwa, nini kilikuzuia? Kisha wakatafuta pamoja na mtaalamu njia ya kukiondoa kizuizi. Waliopata nyongeza hiyo waliongeza matumizi ya mkono nyumbani kwa zaidi ya mara mbili ya wenzao. Mazungumzo na daftari ndivyo vilivyoubeba uwezo nje ya mlango wa kliniki.

Kwa miguu picha inafanana. Utafiti ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Delaware uliwapa wagonjwa wa kiharusi ama mazoezi ya kutembea kasi kwenye mashine, ama kifaa cha kuhesabu hatua pamoja na malengo ya kila wiki na mazungumzo, ama vyote viwili. Waliopata mashine peke yake waliweza kutembea mbali zaidi wakipimwa, ila hatua zao za kila siku ziliongezeka kidogo tu ukilinganisha na wale waliohesabu hatua zao wenyewe na kujiwekea lengo.

Na utafiti ninaoupenda zaidi nikiwaza mazingira yetu ni ule wa mwaka 2011, wa wagonjwa 408. Upande mmoja mashine ya gharama, yenye mikanda ya kumning'iniza mgonjwa ili atembee huku uzito umepunguzwa. Upande mwingine mtaalamu anayemfuata mgonjwa nyumbani kwake na kumfanyisha mazoezi ya nguvu na ya kusimama bila kuyumba kwa vifaa vya kawaida. Baada ya mwaka, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda daraja la kutembea, na hakukuwa na tofauti kati ya mashine na nyumbani. Wanaosubiri mashine ije kusini ndipo wazee wao watembee wanaweza kupunguza kusubiri.

Kwa hiyo swali la awali linajibiwa hivi: faida ya mazoezi haivuki yenyewe, isipokuwa kwa waliopita kizingiti. Kwa wengine inavushwa, na kuvushwa ni kazi tofauti inayotaka kupangwa kama ile ya kwanza.

Msimu, udhu na daftari la mtoto

Kupangwa vipi hapa kwetu? Nianze na kinachopatikana bure. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia Oktoba, familia nyingi zinahamia shambani na mgonjwa anaachwa na mtoto au anapelekwa akae chini ya mkorosho kuangalia wengine. Mwekee beseni. Kukonyoa korosho kwenye bibo ni kazi ya mikono miwili: mmoja unashika bibo, mwingine unazungusha na kuvuta. Mkono dhaifu upewe kazi ya kushika, maana kushika kunawezekana mapema kuliko kuzungusha. Beseni moja lina marudio mengi kuliko kipindi chochote cha mazoezi, na tena yana maana, korosho zinaonekana zikiongezeka. Asipewe kubangua lakini. Mafuta ya ganda yanaunguza, na mkono usiohisi vizuri unaungua bila mwenyewe kujua.

Kwa Mwislamu kuna udhu. Viganja, kusukutua, uso, mikono mpaka viwiko, mara tatu tatu, kwa vipindi vitano. Mtu akisaidiwa kumiminiwa maji tu na mengine akajifanyia, mkono mgonjwa ukipelekwa usoni hata kama unasindikizwa na mwenzake, amefanya kwa siku marudio ambayo mtaalamu angefurahi kuyaona. Halihitaji kukumbushwa, adhana inakumbusha.

Hatua zinaweza kuhesabiwa bila kifaa. Simu za mfukoni mara nyingi hazimhesabu vizuri anayetembea polepole na kwa kuburuta mguu. Hesabu vituo: mlangoni hadi mwembe, mwembe hadi kwa muuza maandazi, huko hadi msikitini. Wiki hii mwembe mara tatu kwa siku, wiki ijayo mara nne. Mjukuu wa darasa la nne aandike kwenye daftari, na aandike pia lile swali la pili, kama hakwenda ilikuwaje. Majibu yake yatashangaza. Mara nyingi utakuta si mguu, ni kwamba ndala inavuka na kumwacha, au mbwa wa jirani, au anaogopa kubanwa na haja njiani. Ndala inabadilishwa kwa kiatu chenye mkanda nyuma na wiki hiyohiyo mtu anaonekana nje.

Mtaalamu naye anaweza kuulizwa, na hili ndugu wengi wanaliogopa bila sababu. Badala ya kuuliza mgonjwa wetu anaendeleaje, mwambie choo chetu ni cha kuchuchumaa, mlango una kizingiti cha juu, maji yako umbali huu, mama anataka aweze kukuna nazi kabla ya Ramadhani. Piga picha ya ua kwa simu uende nayo. Mtaalamu aliyeiona picha ya ngazi tatu zisizo na reli atamfundisha ngazi, na atamfundisha kuinuka kutoka kwenye mkeka, jambo ambalo huenda lisingefika kwenye ratiba. Ukitoka hapo uwe na kazi mbili au tatu zilizotajwa kwa majina ambazo kuanzia leo hakuna mtu mwingine nyumbani anayeruhusiwa kumfanyia, labda kusimama karibu ili asianguke. Kumkataza binti kumletea mama yake maji ni kazi ngumu kuliko kumfundisha zoezi lolote, na inafaa neno litoke kwa mtaalamu, ili majirani wakiuliza awe na la kujibu.

Wapo pia ambao mkono hautarudi. Miaka mitano imepita, vidole vimejikunja, kila mbinu imejaribiwa. Kumsukuma mtu huyo autumie mkono ule kwa kila kitu ni kumtesa, na hapo kazi inageuka kuwa kumfundisha kuishi vizuri kwa mkono mmoja. Kibao chenye misumari miwili iliyochomoza juu kinashika muhogo wakati mkono mmoja unamenya. Kitambaa kilicholowa chini ya bakuli kinalizuia lisizunguke. Gauni la vifungo linabadilishwa kuwa dera, na kanga inashonewa utepe wa kunatisha ili ijifunge kwa mkono mmoja. Fundi cherehani yeyote wa mtaani anaweza.